Watazamaji kama Watunza Historia ya Tamthilia za Mchana za Marekani

Tamthilia za mchana za Marekani zilizaliwa redioni. Mwaka 1930 kituo cha WGN cha Chicago kilianza kurusha Painted Dreams, mchezo wa kila siku uliomhusu mjane mwenye asili ya Ireland na maisha ya nyumbani kwake. Mwandishi wake, Irna Phillips, aliwahi kuwa mwalimu, na mwenyewe alikuwa miongoni mwa waigizaji. Alipotaka kuuhamishia mchezo huo kwenye mtandao wa redio wa nchi nzima, kituo kilikataa na kudai kwamba ni mali yake. Phillips alikwenda mahakamani na mwishowe akashindwa, lakini hakukaa kusubiri: mwaka 1932 alikwisha kuanzisha Today's Children katika kituo kingine cha mji huohuo, na familia ya mchezo mpya ilifanana mno na ile ya kwanza. Ugomvi ulikuwa juu ya mwenye mali, na waliohesabiwa ni watatu tu: mwandishi, kituo na mdhamini. Msikilizaji hakutajwa popote. Hata hivyo, miaka ilipopita, ni yeye na mtazamaji aliyemfuata waliokuja kuitunza sehemu kubwa ya historia ya sanaa hii, kwa sababu wale watatu, kila mmoja kwa hesabu zake, waliiacha ipotee.

Jina la utani la tamthilia hizi, soap opera, lilitokana na sabuni. Kampuni ya Procter & Gamble ilidhamini Ma Perkins kuanzia mwaka 1933 ili kuuza sabuni ya unga ya Oxydol, na Virginia Payne aliigiza sauti ya mama huyo kwa miaka 27, hadi Novemba 1960, mwezi ambao tamthilia za mwisho za redio ya CBS zilizimwa kwa siku moja. Kila sehemu ilichukua robo saa, matangazo ya biashara yakiwemo. The Guiding Light, kazi nyingine ya Phillips, ilianza redioni mwaka 1937, ikahamia televisheni mwaka 1952, ikafika tamati Septemba 2009. Masimulizi ya miaka 72 yanayofuatana ni jambo lisilo na mfano katika utangazaji wa Marekani, na ndilo linaloifanya kumbukumbu ya mtazamaji kuwa sehemu ya kazi yenyewe.

Riwaya huweza kufungwa na kufunguliwa tena kwenye ukurasa uleule. Tamthilia ya mchana haikuwa na ukurasa wa kurudia. Mhusika alipoingia jikoni na kumkuta mwanamke aliyeachana na mumewe miaka kumi iliyopita, uzito wa tukio haukuwa katika maneno ya siku hiyo, ambayo mara nyingi yalikuwa salamu na kikombe cha kahawa. Ulikuwa katika yale ambayo mtazamaji alikuwa akiyajua. Waandishi walilitegemea hilo. Charita Bauer aliigiza Bert Bauer katika The Guiding Light tangu mwaka 1950, wakati wa redio, hadi miaka ya 1980. Alipokatwa mguu kwa maradhi, Bert naye aliandikiwa kukatwa mguu. Mtazamaji aliyekuwa na Bert tangu ujana wake hakuhitaji kuelezwa kwa nini mama huyo mkaidi aliona vigumu kupokea msaada. Mwaka 1962 mwandishi Agnes Nixon, mwanafunzi wa Phillips, alikuwa amemwandikia Bert saratani ya kizazi iliyogunduliwa mapema kwa kipimo cha Pap. Aliruhusiwa kusimulia kisa hicho kwa sharti kwamba maneno yenyewe, saratani na mfuko wa uzazi, yasitamkwe hewani. Watazamaji walielewa bila kuambiwa, kwa kuwa kuelewa yasiyosemwa ndiyo ilikuwa desturi yao ya kila siku.

Wenye elimu wa zama za redio hawakuona ustadi wowote katika jambo hili. Mwaka 1942 daktari wa magonjwa ya akili wa New York, Louis Berg, alitangaza kwamba tamthilia za redio zinawadhuru wasikilizaji wanawake. Vipimo alivyovitegemea alikuwa amejipima mwenyewe, mapigo ya moyo na shinikizo la damu, baada ya kusikiliza. Mtafiti Herta Herzog aliifanya kazi hiyo kwa heshima zaidi: aliwahoji wasikilizaji mia moja wa New York na viunga vyake, na mwaka 1941 akaonyesha kwamba walichota humo faraja, ndoto na ushauri wa kuendesha maisha. Utafiti wake bado unasomwa. Hata yeye, lakini, aliuliza wasikilizaji wanapata nini. Swali la wanajua nini na wanakumbuka nini lilisubiri miongo minne.

Dharau hiyo ilikuwa na matokeo yanayoshikika. Tamthilia za mwanzo za televisheni zilirushwa mubashara kutoka studio, mpiga kinanda akiwa kando ya waigizaji. Kilichobaki kilibaki kwa njia ya kineskopu, yaani kamera ya filamu iliyoelekezwa kwenye kioo cha televisheni. Kanda za video zilipokuja baada ya mwaka 1956, ungetegemea uhifadhi uongezeke. Kinyume chake kilitokea. Kanda hizo, zenye upana wa inchi mbili, zilikuwa ghali, takriban dola 300 kwa saa moja mwanzoni, na uzuri wake mkubwa machoni pa wahasibu ni kwamba ziliweza kufutwa na kutumiwa tena. Kipindi cha siku tano kwa wiki, ambacho hakuna aliyetarajia kukirudia hewani, ndicho kilikuwa cha kwanza kufutwa. Maelfu ya sehemu za tamthilia za mashirika yote makubwa ziliangamia hivyo, na desturi hiyo haikukoma hadi mwishoni mwa miaka ya 1970. Hakukuwa na moto wala mafuriko. Mtu alichukua kanda ya Jumatatu na kurekodi juu yake.

Kipande kinachofahamika kuliko vyote vya As the World Turns kinaonyesha hali hiyo waziwazi. Tamthilia hiyo, iliyoanza Aprili 1956 pamoja na The Edge of Night zikiwa za kwanza kuchukua nusu saa, ilirushwa mubashara hadi mwaka 1975. Tarehe 22 Novemba 1963, Nancy Hughes, aliyeigizwa na Helen Wagner, alikuwa akizungumza na baba mkwe wake juu ya Bob, mtoto wa Nancy, na mwaliko ambao Bob alimpa Lisa, mke aliyeachana naye, kwa ajili ya Sikukuu ya Shukrani. Katikati ya mazungumzo picha ilikatika, na sauti ya mtangazaji wa habari Walter Cronkite ikatangaza kwamba Rais Kennedy amepigwa risasi huko Dallas. Tamthilia ikarudi kwa muda mfupi. Waigizaji, wasio na habari, walikuwa wakiendelea. Mamilioni wamekiona kipande hicho katika filamu za historia, nao wanakitazama kwa ajili ya Cronkite. Kwa mpenzi wa tamthilia kina thamani ya pili: ni dakika chache za kazi ya Wagner kutoka muongo ambao umetuachia kidogo sana. Sauti yake imehifadhiwa pembeni ya habari ya mtu mwingine.

Pengo lililoachwa na mashirika lilizibwa, kwa kiasi, na watu wa nyumbani. Wapo waliosogeza kinasa sauti mbele ya spika ya televisheni na kuomba kimya ndani ya nyumba. Wapo walioandika daftari, siku baada ya siku, nani amemwoa nani na nani amerudi kutoka ng'ambo. Magazeti ya mashabiki yalitoa muhtasari wa kila sehemu. Soap Opera Digest, lililoanza mwaka 1975, lilikuwa msaada mkubwa kwa wanawake waliokuwa kazini saa za mchana. Kisha deki za video zikaingia majumbani, na kanda zikaanza kusafirishwa kwa posta kutoka jimbo hadi jimbo. Dark Shadows, tamthilia ya mazimwi iliyorushwa na ABC kati ya mwaka 1966 na 1971, ina sehemu 1,225, na karibu zote zimesalimika. Picha za sehemu moja, ya 1,219, zimepotea. Iliyouzwa baadaye katika kanda ilijengwa upya kwa sauti iliyorekodiwa nyumbani na picha za mnato.

Tamthilia chache zilinusurika kwa uangalifu wa wenye mali. Ryan's Hope ilianza mwaka 1975, wakati ufutaji unaelekea ukingoni, na ilirudiwa na kituo cha SOAPnet kuanzia mwaka 2000. The Doctors, iliyodhaminiwa na Colgate-Palmolive, ilirudi hewani mwaka 2014 kuanzia sehemu za mwishoni mwa mwaka 1967. Marudio haya yaliwapa wapenzi fursa adimu ya kulinganisha walichokumbuka na kilichotokea.

Mazungumzo ya wapenzi hawa kuhusu historia yana taratibu zinazostahili kuitwa mbinu za utafiti. Kipande kisicho na tarehe hupangiwa tarehe kwa mwigizaji aliyekuwa akishika nafasi fulani, kwa samani za sebule, kwa mtindo wa nywele, kwa tangazo la biashara lililosalia mwisho wa kanda. Dai la mtu mmoja kwamba ndoa fulani ilifungwa majira ya kiangazi hupimwa kwa muhtasari wa gazeti na kwa kumbukumbu ya mwingine, na anayekosea husahihishwa mara moja. Wamejitungia hata istilahi. Mtoto anayepandishwa ghorofani kulala na kushuka akiwa kijana wa miaka 16, jambo la kawaida katika tamthilia hizi, huitwa mgonjwa wa kuzeeka haraka, na wapenzi hukokotoa mwaka wake halisi wa kuzaliwa kwa makini ambayo mwandishi hakuwa nayo. Wanahistoria wanaokusanya masimulizi ya mdomo hawana taratibu kali kuliko hizi.

Ubora wa kumbukumbu hiyo huonekana zaidi pale inapogongana na kalamu. Waandishi wakuu huajiriwa na kufukuzwa, mtazamaji hubaki. Mwaka 1973, katika All My Children ya Agnes Nixon, Erica Kane, aliyeigizwa na Susan Lucci, alitoa mimba kwa hiari yake, mwaka uleule Mahakama Kuu ya Marekani ilipotoa hukumu yake kuhusu suala hilo. Lilikuwa tukio la ujasiri. Zaidi ya miaka 30 baadaye waandishi wengine walidai kwamba mimba haikuharibiwa: daktari aliihamishia kwa mwanamke mwingine, na mtoto sasa ni mtu mzima. Watazamaji wa siku nyingi walikasirika, na walikuwa na haki. Uamuzi uliomjenga Erica, ambao wao waliushuhudia na kuubishania katika ndoa na familia zao, ulifutwa kama kanda ya Jumatatu.

Kisa cha Luke na Laura katika General Hospital ni kigumu zaidi, kwa kuwa hapo watazamaji wenyewe waligawanyika. Mwaka 1979 Luke alimbaka Laura. Mtayarishaji Gloria Monty aliiendesha hadithi upande wa mapenzi, na harusi yao, Novemba 1981, ilitazamwa na watu wapatao milioni 30. Kwa miaka mingi tukio la 1979 liliitwa kwa majina laini, huku baadhi ya watazamaji wakisisitiza kuliita kwa jina lake. Mwaka 1998 tamthilia ilirudi pale, mtoto wao Lucky alipoujua ukweli. Ni vigumu kuamini kwamba ingerudi kama wale wasiosahau wangekuwa wamenyamaza kwa miaka 19.

Hata hivyo, hifadhi ya watazamaji ina kasoro, na anayeitumia lazima azijue. Deki zilipoenea mwanzoni mwa miaka ya 1980, ndipo pia kumbukumbu zilipojaa. Kwa hiyo muongo huo unaitwa zama za dhahabu na watu ambao, kwa sehemu, wanaelezea tu wingi wa kanda zao. Waliopenda jozi moja ya wapendanao walirekodi matukio ya jozi hiyo na kuruka mengine. Sehemu ya saa nzima imebaki dakika tisa. Waliorukwa walikuwa wazee, watumishi na mara nyingi wahusika Weusi, ambao tangu awali walipewa nafasi finyu. Carla Gray wa One Life to Live, aliyeigizwa na Ellen Holly tangu mwaka 1968, alikuwa miongoni mwa wanawake Weusi wa kwanza kupewa hadithi ya uzito katika tamthilia za mchana, akionekana mwanzoni kama mwanamke Mzungu hadi siri ya asili yake ilipofichuka. Kisa hicho kilirushwa miaka kumi na zaidi kabla ya deki kuenea majumbani.

Wasomi wamechelewa kulikiri deni lao. Robert C. Allen, mwaka 1985, alionyesha kwamba tamthilia hizi husomeka kikamilifu kwa mwenye ujuzi wa muda mrefu tu. Harrington na Bielby waliwachunguza mashabiki wenyewe mwaka 1995, na Nancy Baym akafuata mwaka 2000. Elana Levine aliandika historia pana ya fani hii mwaka 2020. Nyaraka za Irna Phillips zipo katika hifadhi ya historia ya jimbo la Wisconsin, mjini Madison, na thamani yake haina shaka. Lakini mswada wa mchezo hauonyeshi namna Charita Bauer alivyonyamaza kabla ya kujibu.

As the World Turns ilikoma Septemba 2010, miezi michache baada ya kifo cha Helen Wagner. Days of Our Lives iliondoka kwenye televisheni ya kawaida mwaka 2022 na kuhamia huduma ya intaneti ya Peacock. Beyond the Gates, iliyoanza kwenye CBS Februari 2025 ikiwa na familia ya Weusi katikati ya hadithi, ilikuwa tamthilia mpya ya kwanza ya mchana kwenye mashirika makubwa tangu mwaka 1999. Wakati huohuo kanda za deki za kwanza zimepita miaka 40. Tabaka lake la sumaku linapukutika, haki za vilivyomo ni za kampuni, na waliozirekodi wamezeeka. Nyumba inapohamwa, kanda isiyoandikwa siku na mwaka ndiyo hutupwa kwanza.