Bastola ya kuundwa kwa mkono: yahimili vipi kubebwa kila siku?

Rafiki yangu mmoja, mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa, ni mnunuzi wa samaki kisiwani Mfangano, kaunti ya Homa Bay. Amekaa huko Ziwa Viktoria miaka mingi, hata Kiluo chake hakina lafudhi ya Pwani tena. Hununua mbuta na omena kwa wavuvi, na kwa kuwa hutembea na pesa, ana cheti cha kumiliki bastola.

Bastola yenyewe si ya kawaida. Ni ya muundo wa 1911, ya risasi za milimita 9, iliyorekebishwa kwa mkono na fundi wa Marekani na kuletwa nchini kupitia muuzaji mwenye leseni. Chuma chake ni cheusi cha kung'aa, mpini ni wa mti wa jozi, na kila kipande kimekaa juu ya mwenzake bila hata nafasi ya kupitisha karatasi. Nilipomtembelea, alinionyesha kwa fahari. Wiki iliyofuata tuliandamana hadi Nairobi alikoipeleka kukaguliwa, na huko tukajua kwamba ilikuwa karibu kumkata vidole.

Nimeona niandike niliyojifunza, kwani hata huku kwetu wako wenye vyeti vya silaha, na wengi hudhani silaha huchakaa kwa kupigwa risasi tu. Kumbe kuibeba kila siku huichosha zaidi.

Jasho na unyevu

Mfangano iko karibu kabisa na ikweta, imezungukwa na maji pande zote. Maji ya ziwa hayana chumvi kama ya bahari yetu, lakini hewa ina unyevu, na kutoka Mbita hadi Sena mtu hupanda boti na kurushiwa maji. Hata hivyo, adui mkubwa ni jasho la mwenye bastola. Jasho lina chumvi, na bastola ikikaa ndani ya kiuno cha suruali kutwa nzima, upande unaogusa mwili hulowa.

Ule weusi mzuri wa chuma si rangi nene. Ni tabaka jembamba la oksidi ya chuma chenyewe, na bila mafuta halizuii kutu kwa muda mrefu. Chuma cha pua huchelewa kupata kutu, lakini hupata. Kilichopakwa kromu ngumu hustahimili vizuri zaidi. Bastola ya rafiki yangu ilikuwa na vidoa vya kutu upande mmoja tu, ule wa mwilini, na chini ya mpini wa mti ambako jasho lilijipenyeza bila kuonekana.

Kosa lake jingine lilikuwa kuilaza bastola usiku ndani ya ala ya ngozi. Ngozi hunyonya unyevu na kuushika. Ala ni ya kubebea. Ya kulaza ni sefu kavu, na chuma kipanguswe kwanza kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Nasema kidogo, kwa sababu mafuta mengi hunasa vumbi na nyuzi za nguo, na yakifika kwenye risasi yanaweza kuharibu fataki yake.

Risasi ileile kila siku

Hapa ndipo penye jambo lililonifanya niandike. Rafiki yangu ni mtu wa sala. Kila anapotaka kutawadha, adhuhuri, alasiri na magharibi, huvua bastola, huitoa risasi iliyo kwenye chemba na kuifungia silaha kwenye kisanduku. Akimaliza kuswali, huirudisha risasi ileile juu ya magazini na kuvuta slaidi ili iingie tena kwenye chemba. Ni tabia ya mtu mwangalifu. Lakini mara tatu kwa siku ni mara tisini kwa mwezi, na risasi ilikuwa moja.

Kila slaidi inaporudi kwa kishindo, kichwa cha risasi hugonga njia ya kupandia kabla ya kuingia kwenye chemba. Taratibu kichwa husukumwa ndani ya ganda lake. Fundi wa Nairobi aliitoa risasi ile akaisimamisha mezani kando ya mpya kutoka kwenye boksi. Hata bila miwani niliiona ni fupi. Akaipima: ilikuwa imepungua zaidi ya milimita moja. Risasi ya milimita 9 haipaswi kuzidi urefu wa milimita 29.69, na kiwanda huitengeneza karibu na kipimo hicho. Kichwa kikizama, nafasi ya baruti hupungua, na shinikizo hupanda sana inapowaka. Ganda laweza kupasuka na bastola ikalipuka mkononi.

Fundi akamwambia, "Mzee, bunduki haina kosa. Wewe ndiye uliyeipiga nyundo hii risasi kila siku."

Rafiki yangu alinyamaza. Baadaye, tukinywa chai, akaniambia, "Yakhe, nilikuwa nikiiogopa isije ikamdhuru mtoto. Sikujua nabeba ya kunidhuru mwenyewe."

Dawa yake ni rahisi. Punguza kuitoa risasi kwenye chemba. Ukilazimika, usirudishe ileile mara kwa mara. Ibadilishe, na kila unapoirudisha ilinganishe na mpya. Ikionekana fupi, isipigwe kabisa. Mkabidhi muuzaji mwenye leseni. Wako wanaodhani watakwepa tatizo hili kwa kuitia risasi kwa mkono moja kwa moja kwenye chemba na kuiachia slaidi. Katika muundo wa 1911 hilo ni kosa jingine, kwani kikulabu kinachovuta ganda hulazimika kuruka juu ya ukingo wa risasi, na mwisho hupoteza nguvu yake ya kushika.

Vinavyochakaa

Springi ya kurudisha slaidi hulegea kwa kupiga, na mafundi wengi huibadilisha kila baada ya risasi elfu kadhaa. Springi ya magazini huchoshwa zaidi na kujazwa na kumwagwa kuliko kukaa imejaa. Skrubu za mpini hulegea kwa mtikisiko wa kila siku. Nukta za kulengea zinazong'aa gizani, ikiwa ni za tritiamu, hupoteza nusu ya nguvu yake kila baada ya miaka 12 na ushei, hivyo bastola kuukuu yaweza kuwa na nukta zilizofifia bila mwenyewe kujua.

Kazi hizi zisifanywe na fundi wa baiskeli. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, inataka matengenezo ya silaha yafanywe na muuzaji aliyesajiliwa. Cheti nacho hufanywa upya kila mwaka, na safari hiyo ni nafasi nzuri ya kukaguliwa bastola pia.

Je, ya kuundwa ni bora?

Bastola ya Browning ilipojaribiwa na jeshi la Marekani mwezi Machi 1911, ilipiga risasi 6,000, na ilipopata moto ilipozwa majini na kuendelea. Lakini ile ilikuwa ya kijeshi. Ya kuundwa kwa mkono hubanwa vipande vyake ili ilenge kwa usahihi, na kubanwa huko ndiko kunakopunguza uvumilivu wake: vumbi kidogo, mafuta yaliyokauka, kutu ndogo, na slaidi husita. Ndiyo maana Glock ya Austria, iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikiwa na mwili wa plastiki ngumu, na zile za Kicheki tunazoziita Ceska, zinapendwa na wanaobeba kila siku. Hazina nakshi, lakini zinasamehe mengi.

Kwa hiyo jawabu langu ni hili: ya kuundwa kwa mkono inahimili, kwa sharti mwenyewe awe wa kuitunza kila jioni. Asiyeweza, heri achukue ya kawaida. Silaha ni amana, na uzuri wake haupunguzi wajibu.

Rafiki yangu aliirudisha bastola yake Mfangano ikiwa na springi mpya na risasi mpya. Siku nyingi siku hizi huwalipa wavuvi kwa M-Pesa, na bastola hubaki kwenye sefu. Huibeba siku ya kutembea na pesa taslimu tu, na jioni, kabla ya chakula, huikalia na kitambaa chake.