Faragha na uwazi wa mashabiki mtandaoni: Kakuma

Faragha, yaani haki ya mtu kusitiriwa jina, sura na habari za nyumba yake, hukabiliana na uwazi wa mashabiki mtandaoni pale mapenzi ya umma yanapomfuata mtu hadi makazini mwake. Kakuma, kambi ya wakimbizi iliyoanzishwa Turkana, Kenya, mwaka 1992, yatoa mfano bayana: wakimbiaji watano wenye asili ya Sudan Kusini walitoka huko kuingia katika Timu ya Wakimbizi ya watu 10 iliyoshiriki Olimpiki ya Rio mwaka 2016, na picha zao zikaenea duniani. Heshima hiyo waliistahiki. Lakini mkimbizi, aliyeacha jamaa katika nchi aliyoikimbia, aweza kudhuriwa na picha iliyobandikwa kwa nia njema kabisa, ikitaja mtaa wa kambi anamokaa au jina la nduguye. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 hulinda faragha katika ibara ya 31 na uhuru wa kujieleza katika ibara ya 33, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 hutaka msingi halali, mathalani idhini ya mwenyewe, kabla ya habari zake kutumiwa. Walakini ni taabu kuwafikia kwa sheria hiyo mashabiki walio ng'ambo, hivyo amana hubaki kwa wasimamizi wa makundi ya mashabiki mtandaoni, ambao wajibu wao wa kwanza ni kumuuliza aliye pichani.