Kompyuta Aliyetangulia Ulaya

Kwetu Bujonde, Kyela, mpira wa Dar es Salaam tuliujua kwa masikio kabla ya macho. Mjomba wangu alikuwa akisimulia jinsi walivyokuwa wakitoka shamba la mpunga jioni, wanaizunguka redio ya betri, halafu mtangazaji anamtaja Sunday Manara. "Sura yake sikuwahi kuiona," mjomba alisema, "lakini chenga zake nazijua zote."

Manara, waliyembatiza jina la Kompyuta, aliichezea Yanga na timu ya taifa miaka ya 1970. Agosti 10, 1974, pale Nyamagana, Mwanza, Simba walitangulia kwa bao la Adam Sabu. Gibson Sembuli akasawazisha dakika za mwisho, na katika muda wa nyongeza Manara akapachika la ushindi. Mbili moja! Wazee wa Yanga na Simba hawajamaliza kubishana mpaka leo.

Ila ukubwa wake hauishii hapo. Wakati ule soka letu lilikuwa la ridhaa. Kule Marekani timu ya besiboli ya Cincinnati Red Stockings ililipa wachezaji wake wote mshahara waziwazi tangu 1869. Kwetu, miaka mia moja baadaye, mchezaji alitafuta riziki kwingine, uwanjani akaenda kwa mapenzi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Manara akaenda Uholanzi kuichezea Heracles ya mji wa Almelo. Ndiye anayetajwa kuwa Mtanzania wa kwanza kucheza soka la kulipwa Ulaya. Hebu fikiria: hakuwa na kaka aliyemtangulia wa kumuuliza mkataba unasomwaje, au baridi ile inavumiliwaje. Baadaye alicheza pia Dubai.

Mbwana Samatta alipoingia Aston Villa mwaka 2020, vijana wa Kyela walimwona kwenye runinga, na picha zake wanazo kwenye simu. Mabao ya Manara wengi waliyapata kwa sauti tu, na sauti ile imebaki vichwani mwa wazee.

Mjomba ameshatangulia mbele za haki. Sikuandika hata chenga moja kati ya zile alizonisimulia, nikidhani muda upo. Wewe msomaji, kama una mzee nyumbani aliyesikiliza mechi zile, kaa naye leo. Beba na daftari.