Msamiati wa poka: maneno ambayo mwanagenzi hana budi kuyajua kabla ya kuketi mezani

Mchezo wa karata uitwao poka ulichipuka Marekani mwanzoni mwa karne ya 19, katika mji wa New Orleans na ndani ya meli za mvuke zilizopanda na kushuka mto Mississippi. Leo umo katika simu za mkononi za vijana wa Afrika Mashariki na katika kasino za miji yetu mikuu. Kinachowatatiza wengi si kushika karata, kwani aliyekulia kwenye arubastini nchini Tanzania au matatu nchini Uganda hana ugeni nazo. Kinachowatatiza ni lugha. Maneno ya poka si mengi, lakini karibu kila moja lina fedha nyuma yake, na asiyelielewa huligharimia.

Zipo aina nyingi za poka. Inayochezwa zaidi ni Texas Hold'em, nayo ndiyo inayoelezwa hapa. Mwaka 2007 Bunge la jimbo la Texas liliutambua mji mdogo wa Robstown kuwa ndipo aina hiyo ilipozaliwa.

Karata na mkono

Poka huchezwa kwa karata 52. Majina ya karata tuliyorithi kutoka kwa Wareno pwani yanatosha kabisa: kopa, uru, shupaza, na pao, ambayo wengi huiita maua. Karata ya juu kabisa ni ree, ikifuatiwa na mfalme, malkia na jeki, kisha kumi kushuka hadi mbili. Wazee wa pwani waliziita karata za picha “wazungu”, na mfalme alikuwa mzungu wa nne.

Hapa mwanagenzi aache nyuma desturi mbili za nyumbani. Kwanza, poka haina turufu. Kopa haiishindi uru, wala shupaza haiishindi pao; rangi zote nne zina hadhi moja. Pili, hakuna kulana karata. Wachezaji hulinganisha tu walicho nacho mwishoni, ikiwa watafika mwisho.

Neno “mkono” hutumika kwa maana mbili, na mara nyingi katika sentensi moja. Ni karata tano bora alizonazo mchezaji, na pia ni raundi moja nzima ya mchezo, tangu kugawa hadi mshindi achukue fedha. Mtu akisema amecheza mikono mia, anataja raundi. Akisema ana mkono mzuri, anataja karata.

Thamani ya mkono hutokana na uhaba wake. Karata 52 zaweza kutoa mikono ya karata tano ipatayo 2,598,960 iliyo tofauti. Zaidi ya nusu ya hiyo, yaani 1,302,540, haina kitu chochote. Mkono wa namna hiyo hupimwa kwa karata yake kubwa tu. Mikono yenye jozi moja, yaani karata mbili za thamani moja, ni 1,098,240. Jozi mbili hupatikana mara 123,552, na tatu za aina moja mara 54,912. Hufuata streti, yaani karata tano zinazofuatana bila kujali rangi, ambazo ni 10,200. Kisha flashi, karata tano za rangi moja zisizofuatana, ambazo ni 5,108. Ful hausi ni tatu za aina moja pamoja na jozi: 3,744. Nne za aina moja ni 624. Streti flashi, tano zinazofuatana na za rangi moja, ni 40 tu, na minne kati ya hiyo huanzia kumi na kuishia ree. Hiyo huitwa royal flashi, na wapo waliocheza maisha yao yote bila kuishika.

Katika streti, ree yaweza kukaa juu ya mfalme au chini ya mbili, lakini haiwezi kuwa katikati. Mfalme, ree, mbili, tatu na nne si streti, hata mwenye nazo abishe vipi.

Wawili wakiwa na jozi sawa, huamua kika, yaani karata ya pembeni iliyo kubwa zaidi. Wageni wengi hupotezea fedha hapa. Mwenye ree na nne huona ree nyingine mezani na kufurahi, kumbe mwenzake ana ree na mfalme. Jozi ni ileile. Kika cha mfalme kinashinda.

Meza, poti na malipo ya lazima

Mgawaji huitwa dila. Mbele ya mchezaji mmoja huwekwa kibao kiitwacho batani, nacho huhama kila mkono kwenda kushoto. Mwenye batani huamua wa mwisho baada ya karata za kwanza kufunuliwa, na kuamua wa mwisho ni faida kubwa, kwa kuwa amekwisha kuona wenzake walivyofanya. Wachezaji wazoefu hulizungumzia hilo kwa neno “pozisheni”, na huithamini nafasi hiyo karibu sawa na karata.

Wawili walio kushoto mwa batani hulipa kabla hawajaona chochote. Malipo hayo huitwa blaindi, ndogo na kubwa. Kubwa kwa kawaida ni maradufu ya ndogo. Bila blaindi kila mtu angekaa akingoja ree mbili, jambo linalotokea kwa wastani mara moja katika mikono 221. Katika michezo mingine kila mchezaji hutoa kiasi kidogo kiitwacho anti.

Fedha zote zinazowekwa katikati huitwa poti. Mezani hazitumiki noti bali sarafu za plastiki za rangi mbalimbali. Waingereza huziita kwa jina ambalo kwa masikio ya Kiswahili ni viazi vya kukaanga, kwa hiyo ni heri kuziita sarafu. Kazi yake kwa kasino si urahisi wa kuhesabu peke yake. Mtu huona uchungu kutoa noti ya shilingi elfu kumi, lakini husukuma sarafu nyekundu bila kufikiri.

Vitendo vya mchezaji

Zamu ikimfikia, mchezaji ana hiari chache. Akiona karata zake hazifai, husema foldi: huzitupa na kujitoa, na alichokwisha kuweka katika poti hakirudi. Ikiwa hakuna aliyeweka fedha katika duru hiyo, aweza kucheki, yaani kupitisha zamu bila kulipa. Kubeti ni kuwa wa kwanza kuweka fedha. Neno hili Waswahili wamelizoea kutokana na mechi za mpira, ila hapa mtu habeti juu ya timu bali juu ya karata zake. Kukoli ni kulipa sawa na aliyetangulia. Kureizi ni kupandisha, na kila aliyebaki hulazimika kulipa kiwango kipya au kujitoa.

Kauli ya mezani hufunga. Aliyetamka “reizi” amereizi, hata kama ulimi uliteleza. Na aliyesukuma sarafu kidogo, akatazama nyuso za wenzake, kisha akaongeza nyingine, huambiwa ameweka beti ya vipande. Ile nyongeza hurudishwa. Karata zikishatupwa kwenye rundo la zilizokufa, liitwalo maki, hazifufuki. Mshindi aliyezitupa kwa furaha kabla ya kusukumiwa poti huenda asipate chochote, kwa hiyo mwenye busara huzikamata hadi fedha zimfikie.

Olini ni kuweka sarafu zote alizobaki nazo mtu. Sinema zimelipotosha sana neno hili. Katika sinema mtu huongeza ufunguo wa gari au hati ya nyumba. Katika mchezo unaoendeshwa kwa kanuni, mchezaji huweza kupoteza tu kile kilichokuwa mbele yake mkono ulipoanza. Tuseme mmoja ana shilingi 5,000 na wenzake wawili wana 12,000 kila mmoja, na wote watatu wameweka zote. Poti kuu inakuwa 15,000, yaani 5,000 mara tatu, na mnyonge aweza kuishinda. Zile 14,000 zinazobaki huwa poti ya pembeni, na hugombewa na wale wawili tu. Anayemtaka mwenzake aongeze kitu kilichoko nyumbani hachezi poka. Anamkopesha mtu katika saa ambayo hawezi kufikiri sawasawa.

Kutoka karata mbili hadi shodauni

Kila mchezaji hupewa karata mbili za siri. Baada ya duru ya kwanza ya kubeti, karata tatu hufunuliwa mezani kwa pamoja: hizo ni flopu. Hufuata karata ya nne, teni, kisha ya tano, riva, na kila mara hubetiwa. Karata hizo tano ni za wote. Kila mtu huunda mkono wake bora wa karata tano kutokana na saba zilizopo. Wakibaki wawili au zaidi baada ya duru ya mwisho, hufunuliana karata, na huko ndiko shodauni.

Hesabu iliyo nyuma ya maneno

Auti ni karata ambayo ikitokea itamwokoa mchezaji. Mwenye kopa nne baada ya teni anangoja ya tano. Katika karata 46 asizoziona, kopa zilizobaki ni 9. Kwa hiyo nafasi yake ni 9 kwa 46, pungufu kidogo ya asilimia 20. Je, alipe kuiona riva? Inategemea uwiano wa poti. Kama poti ina 4,000 na mpinzani amebeti 1,000, analipa 1,000 ili kuwania 5,000. Akishinda mara moja tu katika sita amerudisha gharama, naye atashinda karibu mara moja katika tano. Alipe. Kama poti ina 1,000 na mpinzani amebeti 1,000, anawania 2,000 na hana budi kushinda mara moja katika tatu. Afoldi. Anayelipa katika hali zote mbili kwa sababu “leo ninahisi kopa” ndiye anayewalisha wengine.

Blafu ni kubeti kwa kishindo bila mkono wa maana, ili wenzake wakimbie. Wageni hulipenda neno hili kuliko yote, na hulitumia vibaya kuliko yote. Blafu hufaulu dhidi ya mtu anayeweza kufoldi. Kwa mwanagenzi mwenzake, ambaye hulipa kila kitu ili tu aone, blafu ni sadaka.

Tilti ni hali ya mtu aliyepoteza akapandwa na hasira, akaanza kucheza mikono ambayo saa moja kabla angeitupa. Kiswahili kina maneno ya hasira na ya pupa, ila hakina la mchanganyiko huo pamoja na hamu ya kurudisha kilichokwenda. Watoa huduma za kubeti wanaijua hali hiyo vizuri sana.

Reki, neno lisilotajwa

Wachezaji wapya huuliza juu ya blafu na royal flashi. Ni nadra kuuliza juu ya reki, ilhali ndiyo iliyowajenga wenye kasino. Katika poka kasino haichezi na mtu. Hukata sehemu ndogo ya kila poti, na sehemu hiyo ndiyo reki.

Tuchukue mfano. Watu sita wameketi, kila mmoja na shilingi 20,000, kwa jumla 120,000. Poti ya wastani ni 4,000 na reki ni asilimia 5, yaani 200. Kwa saa moja huchezwa mikono 30. Basi kila saa 6,000 huondoka mezani. Baada ya saa tano zimeondoka 30,000, zaidi ya fedha zote alizokuja nazo mmoja wao, na baada ya saa 20, kama hakuna aliyeongeza kitu, meza ingekuwa tupu. Hakuna aliyedanganywa wala kuibiwa. Ndiyo maana kuwashinda kidogo walio mezani hakutoshi. Ni lazima kuwashinda kwa kiasi kinachozidi reki, na wengi hawafikii hapo.

Katika mashindano malipo hayo hufichwa ndani ya kiingilio. Shindano dogo ambalo tuzo yake ni tiketi ya shindano kubwa huitwa sataliti. Mwaka 2003 mhasibu wa Tennessee, Chris Moneymaker, aliingia katika World Series of Poker mjini Las Vegas kwa njia hiyo, kupitia intaneti, kwa kiingilio kisichofika dola 100. Aliondoka na dola milioni 2.5. Jina lake limetumika tangu hapo kuwavuta mamilioni ya watu mtandaoni. Washiriki walikuwa 839.

Sheria na umri

Nchini Uganda, sheria ya bahati nasibu na michezo ya kubahatisha ya mwaka 2016 inamkataza aliye chini ya miaka 25 kushiriki. Umri huo ni mkubwa kuliko wa kupiga kura. Tanzania na Kenya zinaweka mpaka kwenye miaka 18. Tanzania ina Bodi ya Michezo ya Kubahatisha inayotoa leseni, na Kenya ilipitisha sheria mpya ya udhibiti wa kamari mwaka 2025. Kwa Waislamu, kucheza kwa fedha ni maisiri na ni haramu, uwe umri wowote. Programu nyingi za simu hutoa poka ya sarafu za kubuni zisizo na thamani, ambayo hutosha kwa anayetaka kuujua mchezo tu. Mtumiaji aangalie jambo moja: nyingi ya programu hizo huziuza sarafu hizo hizo za kubuni kwa fedha halisi zinapokwisha, na hazizinunui tena.