Mtunzaji na Nguvukazi ya Utunzaji

Marekani, watu wanaolipwa kuwaogesha, kuwavisha, kuwalisha na kuwageuza kitandani wazee na watu wenye ulemavu huitwa kwa jumla direct care workers. Jina hilo linakusanya makundi matatu: wasaidizi wa wauguzi katika nyumba za wazee, wasaidizi wa afya wanaokwenda majumbani, na wale wanaomsaidia mtu kupika, kuoga na kutembea nyumbani kwake. Ni mamilioni ya wafanyakazi, wengi wao wanawake, na wahamiaji ni sehemu kubwa. Wamo Wakenya wa Minnesota na Massachusetts, wamo pia Watanzania. Lakini ukimuuliza mmoja wao kwa Kiswahili anafanya kazi gani, atakujibu "kazi ya wazee", au atasema anabeba boksi, kana kwamba ni kibarua chochote cha ughaibuni.

Majina tuliyo nayo hayatoshi. Mlezi ni wa mtoto anayekuzwa. Mzee wa miaka 80 amekwisha kukua, na kumwita mlelewa ni kumvunjia heshima. Muuguzi ana taaluma yake, leseni yake na baraza lake. Mhudumu ni neno pana mno: yupo wa hoteli, wa baa, wa wodi na wa afya ya jamii. Msaidizi ndilo baya zaidi, kwa sababu linadai kwamba kazi yenyewe ni ya mtu mwingine, naye anashika tu pembeni.

Napendekeza mtunzaji. Kiambishi -aji humtaja mtu aliyeizoea kazi akawa mjuzi wake, kama mchezaji au mchoraji. Wala hatuhitaji kuongeza "wa moja kwa moja" ili kutafsiri direct. Ukisema fulani anamtunza mama yake, hakuna atakayedhani kwamba anajaza fomu ofisini. Kila mtu anaelewa kwamba anamshika kwa mikono yake. Kutokana na neno hilo tutapata utunzaji kwa fani yenyewe, na nguvukazi ya utunzaji kwa jumla ya wanaoifanya. Ndugu anayetunza bila malipo ataitwa mtunzaji wa familia.

Jina hili linastahili uzito kwa sababu kazi ina ujuzi. Mgonjwa asiyejiweza asipogeuzwa kila baada ya saa chache, ngozi ya kiunoni na visiginoni huchunika na kuwa donda. Mzee aliyepooza akilishwa huku amelala chali hupaliwa kwa urahisi, na chakula kikiingia mapafuni huweza kumuua. Mzee aliyekuwa na akili zake jana akianza leo kuropoka, mtunzaji hodari hasemi "ni uzee". Anajua huenda ni maambukizi ya njia ya mkojo, na anamwita muuguzi mapema.

Ujuzi huo hujengwa kwa mafunzo na hudumishwa kwa ujira. Sheria ya Marekani ya mwaka 1987 iliweka saa 75 kuwa kiwango cha chini cha mafunzo kwa wasaidizi wa wauguzi katika nyumba za wazee. Mwaka 2008 jopo la wataalamu la Taasisi ya Tiba ya Marekani lilishauri zifike angalau 120, lakini kiwango cha kitaifa kilibaki pale pale. Kwa wanaosaidia shughuli za kila siku majumbani, hakuna kiwango cha kitaifa kabisa. Mwaka 1974 Bunge la nchi hiyo liliwaweka "wanaowapa wazee kampani" nje ya sheria ya kima cha chini cha mshahara na malipo ya saa za ziada, na mwaka 2007 Mahakama ya Juu ilimkatalia Evelyn Coke, mtunzaji wa New York, malipo ya saa za ziada. Ni kanuni ya Wizara ya Kazi ya mwaka 2013 iliyowaingiza wengi wao katika ulinzi huo. Tazama nguvu ya jina: aliyeitwa wa kampani alinyimwa haki ya mfanyakazi.

Huku kwetu, Tanzania ina Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003, na Zanzibar inawalipa pensheni wazee wote waliofika miaka 70 tangu 2016. Pensheni hununua unga. Haimgeuzi mtu kitandani. Watoto wanahamia mijini na ng'ambo, na matunzo yanabaki kwa binti mmoja au msichana wa kazi asiyewahi kufundishwa namna ya kumnyanyua mtu mzima bila kumuumiza, wala kujiumiza mwenyewe.

Kwa hiyo mabaraza ya Kiswahili, BAKITA la Tanzania na BAKIZA la Zanzibar, yalipime neno hili na kulisanifu. Vyuo vya ufundi vifundishe utunzaji kwa Kiswahili, vitoe cheti chenye jina hilo, na waajiri waliandike kwenye mikataba pamoja na mshahara unaolingana nalo. Nawe msomaji, ukiwa na mtu anayemshika mzazi wako kila asubuhi, anza leo kumwita mtunzaji, kisha umlipe kama mtunzaji.