Konyeza wa Tanganyika na Bahari Isiyofika

Mwaka 1883 Mjerumani Richard Böhm aliona konyeza, mnyama laini wa kuelea, katika maji baridi ya Ziwa Tanganyika. Kwa ushahidi huo, na wa konokono wanaofanana na wa baharini, Mwingereza J. E. S. Moore alidai katika kitabu chake cha 1903 kwamba ziwa hilo ni masalia ya bahari ya kale. Hoja inavutia: konyeza hufuata mkondo, basi alipo yeye bahari ilifika. Lakini konyeza wa jamii hiyo walipatikana pia Ziwa Victoria, ziwa lililowahi kukauka miaka 17,000 hivi iliyopita kisha likajaa tena. Kwa hiyo hao waliingia baadaye, bila bahari yoyote. Atakayeuliza kiumbe dhaifu hivyo alisafirije, ajue kwamba katika hatua yake ya polipi, kabla ya kuwa wa kuelea, hujishikiza kwenye kitu, na huweza kubebwa nacho.