Kuzirai kwa wazee: Huenda kasoro i katika umeme wa moyo

MZEE anapozirai shambani au njiani kuelekea sokoni huko Ruiri, Kaunti ya Meru, aghalabu jamaa husema ni uzee, jua au njaa. Hata hivyo, huenda hiyo ikawa dalili kwamba njia za umeme ndani ya moyo wake zimechakaa.

Moyo hujitengenezea umeme wake. Mkondo huanzia katika fundo dogo lililo kwenye chumba cha juu cha kulia, hupitia fundo la pili lililo katikati ya moyo, kisha husambazwa na nyuzi hadi vyumba vya chini, navyo hujikaza na kusukuma damu. Fundo hilo la pili lilielezwa mnamo 1906 na daktari Mjapani, Sunao Tawara.

Umri unaposonga, njia hizo huweza kuota makovu. Ugonjwa wa mishipa ya moyo pia huziharibu, nazo baadhi ya dawa za presha na za moyo, zikiwemo atenololi na digoksini, huweza kupunguza kasi ya mkondo.

Kasoro hii ina ngazi tatu. Katika ya kwanza, umeme huchelewa tu, na mara nyingi mgonjwa hahitaji tiba. Katika ya pili, baadhi ya mapigo hukosekana. Katika ya tatu, umeme haufiki chini kabisa. Mapigo huenda yakashuka hadi 40 kwa dakika au chini ya hapo, ilhali kawaida kwa mtu mzima aliyepumzika ni kati ya 60 na 100. Hapo ndipo kizunguzungu, uchovu, kuhema na kuzirai hujitokeza, na kifo cha ghafla chaweza kutokea.

Uchunguzi wake hauna uchungu. Kipimo cha ECG hunasa umeme wa moyo kwa dakika chache.

Dawa inayosababisha kasoro ikibadilishwa na daktari, huenda mapigo yakarejea. La sivyo, mgonjwa hupachikwa kifaa chenye betri chini ya ngozi ya kifua ili kiuchochee moyo. Arne Larsson wa Uswidi, mtu wa kwanza kupachikwa kifaa hicho mwilini mnamo 1958, aliishi hadi 2001, akafariki akiwa na umri wa miaka 86.

Kwa hivyo, mzee akizirai hata mara moja, jamaa wamhesabie mapigo mkononi kwa dakika nzima, kisha wamfikishe hospitalini bila kukawia, pamoja na dawa zote anazomeza. Asiache dawa yoyote kabla ya kuagizwa na daktari.